Meza ya Fundi: Ruta isiyo na antena

SWALI: Dada fundi, habari za kazi. Nina nyumba ya wageni ya vyumba 11 hapa Ujiji, na pembeni yake ofisi ndogo ninapoendeshea biashara yangu ya dagaa na mawese. Fundi aliyenifungia intaneti mwanzo amehama mji, simu yake haipatikani, na neno la siri la ruta analo yeye. Nimechoka, nikaagiza ruta ya biashara kutoka Dar. Imefika, nafungua boksi nakuta kidude cha chuma hakina hata antena moja, kina matundu matano tu ya waya. Kijana wangu wa mapokezi anasema nimepigwa. Ni kweli? Na kama sijapigwa, naanzia wapi? Sitaki tena kufungiwa kitu nisichokijua. – Mfanyabiashara, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Kaka yangu, hujapigwa. Ruta nyingi za biashara haziji na waifai. Kazi yake ni kupokea intaneti upande mmoja, kuigawa upande wa pili, na kuamua nani apite wapi. Waifai hurushwa na kifaa kingine, kinachofungwa ukutani au darini karibu na wageni wenyewe. Ile ya zamani yenye masikio mawili imebeba kazi zote hizo ndani ya plastiki moja, ndiyo maana vyumba vikijaa inazidiwa. Usiitupe lakini. Nitakuonyesha pa kuiweka.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya nikuandikie kwa kirefu. Kibanda changu kipo hapa Mwanga, na kila wiki haikosi mtu anayeniletea ruta nzima kabisa, taa zote zinawaka, ila hakuna anayejua neno lake la siri. Huwa inaniuma. Ukijenga nyumba, fundi wa milango akimaliza anakukabidhi funguo zote, hata ile ya akiba. Kwa nini fundi wa mtandao aondoke nazo mfukoni? Basi safari hii funga mwenyewe. Hata ukimwita fundi, mkalishe mezani, wewe ndiye uandike maneno ya siri kwa mkono wako.

Tenga kama saa moja na nusu. Andaa kaunta buku mpya, kalamu, kompyuta, na waya wa mtandao wa mita moja hivi. Kuhusu waya, kagua kabla hujalipa. Chukua wembe, ukwangue uzi mmoja wa ndani taratibu. Ukiwa mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukiona wekundu umetoka na chini kuna weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inakatika upesi ukiipinda, na kwenye umbali mrefu inakuangusha. Waya wa shaba mtupu unakubali hadi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, hapo ndipo mwisho.

Sasa geuza ruta kichwa chini. Kuna karatasi imebandikwa: ina namba ya kifaa, anwani ya kuingilia, na mara nyingi jina na neno la siri la kiwandani. Ipige picha, halafu nakili yote kwenye kaunta buku, ukurasa wa kwanza. Karatasi hiyo hufutika kwa joto na vumbi. Mimi nimeshika ruta nyingi ambazo karatasi yake imebaki nyeupe kama ganda la yai.

Chomeka umeme. Waya mmoja utoke kwenye kompyuta uingie kwenye tundu lililoandikwa LAN. Tundu la WAN, lile la kupokelea intaneti, liache wazi kwanza. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wana haraka ya kuona intaneti, wanaunganisha ruta na dunia nzima ikiwa bado na neno la siri la kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilienea kwa njia hiyo hiyo. Ilibeba orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60 tu, ikapita ikibisha hodi kwenye kamera na ruta, ikijaribu moja baada ya jingine. Oktoba ya mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumika kuizidi nguvu kampuni ya Dyn ya Marekani iliyokuwa ikihudumia majina ya tovuti kubwa, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Wenye vifaa hivyo wengi hawakujua kuwa vya kwao vimo.

Zima waifai ya kompyuta ili isihangaike na mtandao mwingine, fungua kivinjari, andika ile anwani. Kwa ruta nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na zile za MikroTik ni 192.168.88.1. Kivinjari kinaweza kukuonya kwamba ukurasa si salama. Ruta imejitilia saini cheti chake yenyewe, kivinjari hakiijui saini hiyo. Kwa kuwa mpo wawili tu kwenye waya wa mita moja, endelea.

Jambo la kwanza kabisa, badili neno la siri la msimamizi. Chagua maneno manne yasiyohusiana, uongeze namba, mfano mwalo-kitenge-reli-embe-73. Hilo nililoandika usilitumie, wameshalisoma wote. Usitumie jina la nyumba ya wageni wala namba yako ya simu iliyo kwenye bango la barabarani. Liandike kwenye kaunta buku, herufi kubwa iwe kubwa na ndogo iwe ndogo, kaunta buku ikae na hati zako za nyumba. Najua wapo watakaosema maneno ya siri hayaandikwi popote. Kwa benki yako sawa. Kwa ruta ya biashara yenye wafanyakazi wanaokuja na kuondoka, daftari lililofungiwa kabatini ni bora kuliko kumtegemea mtu mmoja mwenye kumbukumbu nzuri.

Kisha badili anwani za ndani. Usiruke hatua hii, kwa sababu kama modemu ya mtoa huduma wako inagawa namba za 192.168.1 na ruta yako nayo inagawa zizo hizo, ruta itakuwa na namba zilezile mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Haitajua barua iende wapi. Utaona taa zote kijani na intaneti hakuna, utalaumu kampuni ya simu bure. Namba za ndani ziko makundi matatu yaliyotengwa kwa matumizi ya kila mtu: zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na za 192.168. Mimi ningekupangia hivi: ofisi 10.20.10, wageni 10.20.20, kamera 10.20.30. Ruta yenyewe iwe .1 kwa kila kundi.

Ukibonyeza kuhifadhi, ukurasa utaganda. Usishtuke, wala usichomoe umeme. Ruta imehamia namba mpya na kompyuta yako bado iko kwenye ya zamani. Chomoa waya wa mtandao, hesabu hadi kumi, rudisha, andika 10.20.10.1, utaingia.

Ugawaji wa namba, ule unaoitwa DHCP, upe ofisi kuanzia .100 hadi .200. Zile za chini zibaki za vitu visivyohamahama: printa .10, na kadhalika. Printa ikipewa namba mpya kila umeme ukirudi, ndipo unasikia kijana wa mapokezi anasema printa imekataa leo. Kwa wageni, punguza muda wa kushika namba uwe saa nne hivi. Mgeni anayeshuka kwenye boti asubuhi na kuondoka jioni na treni asiache namba imekaliwa siku nzima.

Saa ya ruta nayo iwekwe sawa. Kigoma jua linachwa kama dakika 40 baada ya Dar, na mgeni wako aliyetoka Bujumbura simu yake huenda bado inasoma saa moja nyuma, lakini ruta inafuata saa ya Tanzania: UTC+3. Kwenye orodha usipoiona Dar es Salaam, chagua Nairobi, ni saa ileile. Iruhusu pia isome saa yenyewe kutoka kwenye intaneti, maana ruta nyingi hazina betri ya saa na umeme ukikatika zinasahau hata mwaka. Siku utakayotaka kujua nani aliingia ofisini usiku wa tukio, kumbukumbu zenye tarehe ya uongo hazitakusaidia kitu.

Sasa ndipo uunganishe WAN. Kama intaneti yako inatoka kwenye modemu, acha ruta ichukue namba yenyewe. Kama mtoa huduma alikupa jina na neno la siri la laini, chagua PPPoE. Kama alikupa namba maalumu kwenye karatasi, ziandike kama zilivyo. Jaribu kufungua tovuti moja. Ikifunguka, kabla ya kufurahi, nenda kwenye sehemu ya kusasisha programu endeshi ya ruta na uchukue toleo jipya. Fanya hivyo ruta ikiwa kwenye UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ruta inaweza isiamke tena. Mimi nilipoteza moja ya mteja hivyo, nikailipa, na tangu siku hiyo sisasishi kitu bila UPS chini ya meza.

Tuje kwa wageni. Nisikilize vizuri hapa kaka, maana nyumba yako ina watu usiowajua kila usiku. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ya wageni moja, si yako wala ya jirani yako, mwenyewe ana wasiwasi kwamba printa ina majini. Inatoa picha za harusi saa tano usiku. Kumbe mgeni wa chumba namba 6 alikuwa akibonyeza kuchapa kwenye simu yake, na simu imeiona printa ya mapokezi kwa sababu wote wako mtandao mmoja. Nikakaa kitandani kwenye chumba hichohicho na simu yangu, dakika mbili nikawa nimelifungua folda la kompyuta ya mapokezi lenye jina MAPATO. Picha za vitambulisho vya wageni zilikuwemo. Yule mama alikaa kimya kwa muda mrefu, halafu akafunga mlango ndipo akaniuliza tunafanyaje.

Tunatenga. Kwenye ruta yako tengeneza mtandao wa pili, VLAN, uupe zile namba za 10.20.20, halafu tundu la nne lote liwe la mtandao huo. Hapo ndipo ile ruta ya zamani yenye masikio inapopata kazi. Kwa kuwa neno lake la siri aliondoka nalo fundi, bonyeza kile kitundu chake kidogo kwa kijiti cha kiberiti au pini kwa sekunde kama kumi hadi taa zipepese, itarudi kama ilivyotoka kiwandani. Ingia, mpe msimamizi neno jipya la siri, weka jina la waifai ya wageni, namba yake iwe 10.20.20.2, zima ugawaji wake wa DHCP, kisha toa waya kwenye tundu la nne la ruta mpya uingize kwenye tundu lake la LAN, si la WAN. Imekuwa kirusha waifai tu. Kama ni ya muda mrefu sana na haina ulinzi wa waifai uitwao WPA2, hiyo ndiyo iende kwa wanaonunua chuma chakavu. WPA2 ipo tangu 2004, hakuna sababu ya kuishi na ulinzi wa nyuma ya hapo.

Na kutenganisha namba peke yake hakutoshi. Ruta nyingi za biashara, ukizitengenezea mitandao miwili, zinaiachia ipitiane, kwa sababu kazi ya ruta ni kupitisha. Lazima uandike amri kwenye ukuta wake wa ulinzi: kutoka wageni kwenda ofisi, zuia, kutoka wageni kwenda kamera, zuia, kutoka wageni kwenda ukurasa wa kuongozea ruta, zuia. Ukimaliza usiniamini mimi wala ruta. Ingia chumba chochote, unga simu kwenye waifai ya wageni, andika 10.20.10.1 halafu namba ya printa. Zikigoma zote na intaneti inafunguka, umefanya kazi ya kiume na ya kike. Zima pia uongozaji wa ruta kutoka nje, na WPS, ile njia ya kuunga simu kwa kubonyeza kitufe bila neno la siri, kwenye kile kirusha waifai. Halafu wape wageni kikomo cha kasi kwa kila simu, ili mmoja anayepakua filamu asikwamishe malipo ya mzigo wako wa dagaa.

Mwisho wa kazi hifadhi nakala ya mpangilio wote kwenye flashi, flashi ikae na kaunta buku. Wale watakaoangukia ruta za Cisco za kuandikia amri wakumbuke: ulichoandika kinakaa kwenye kumbukumbu ya muda hadi utakapotoa amri ya copy running-config startup-config. Umeme ukikatika kabla, unaanza upya.

Na radi. Hapa Kigoma unaijua. Ruta iwe na UPS nyuma ya soketi yenye ardhi, na waya wa shaba unaotoka jengo la wageni kwenda ofisini usipite hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Uzike ndani ya bomba, au lipia faiba kwa kipande hicho. Faiba haibebi umeme.

SWALI: Dada, nina duka la stesheneri Isevya, Tabora. Nimeiwekea ruta ratiba waifai ya wateja ifunguke saa 2 asubuhi ifungwe saa 12 jioni. Asubuhi ipo, ikifika mchana inakata. Ruta ni mbovu?

JIBU: Ruta ni nzima na imekutii. Uliandika 2:00 na 12:00. Yenyewe inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo inafungua saa 8 usiku jirani zako wakiwa wamelala, na inafunga saa 6 mchana. Andika 08:00 na 18:00. Kila saa yetu ya mchana iongeze sita. Kisha angalia kama saa yenyewe ya ruta ni sahihi, nimeeleza hapo juu kwa ndugu wa Ujiji.

SWALI: Nina ghala Kibirizi, kamera nne. Nikiwa nyumbani naziona, nikisafiri kwenda Dar sioni kitu. Fundi alifungua poti, yaani mlango wa kuingilia kutoka nje, kwenye ruta kama maelekezo yalivyosema, bado. Intaneti yangu ni ya laini ya simu.

JIBU: Ingia kwenye ruta, tazama namba iliyopewa upande wa WAN. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, huna anwani yako mwenyewe kwenye intaneti. Unachangia moja na wateja wengine wengi. Namba hizo za 100.64 zilitengwa mwaka 2012 mahsusi kwa kampuni za mawasiliano kufanya hivyo, kwa kuwa anwani za zamani zimeadimika. Poti aliyofungua fundi wako ipo, lakini mbele yake kuna mlango mwingine ambao wewe huna funguo zake.

Mwambie aifunge poti hiyo leo. Hata siku ukipata anwani yako, sikushauri kinasa cha kamera kikae wazi barabarani namna hiyo. Una njia mbili. Kinasa kingi siku hizi kina huduma ya mtengenezaji ya kutazama kwa simu, ambapo kinasa ndicho kinachotoka kwenda nje kukutafuta, na hiyo inapita hata kwenye laini ya simu. Fungua akaunti kwa namba yako, si ya fundi. Njia ya pili ni kumwomba mtoa huduma anwani ya kudumu kwa malipo ya mwezi, kisha ruta ikufungulie VPN, yaani njia yako ya siri ndani ya intaneti, uingie kupitia hiyo kwanza ndipo uone kamera. Kwa ghala lenye kamera nne ningeanza na ya kwanza, na kabla ya kuondoka kwenda Dar zima waifai ya simu ukiwa bado Kibirizi, tumia bando, uone kama picha inakuja.